Buibui la Damu ya Mzee: Kwa Nini Filamu za Nyumbani Zinapoteza Rangi Mwambao wa Tanga

Ukirusha ukutani leo mkanda wa rangi uliochapishwa miaka ya 1960, usishangae kuikuta bahari ya Raskazone ni ya waridi. Mabuibui yaliyokuwa meusi tii yamekuwa damu ya mzee. Minazi imepoteza kijani chake, na uso wa mtu mweusi umeiva wekundu ambao hakuwa nao siku alipopigwa picha. Kanzu ndizo zinazobaki karibu na rangi yake, ingawa nazo zimeingia rangi ya krimu kidogo. Udongo mwekundu wa Muheza, ajabu, unaonekana vilevile ulivyo. Wenye mkanda wakiona hivyo husema filamu imekufa. Inarudishwa kabatini, au inatupwa siku ya kuhama nyumba.

Hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Ipo mikanda iliyokufa kweli. Ipo ambayo haijafa ila imepoteza rangi moja kati ya tatu. Na ipo ambayo haijaguswa kwa miaka hamsini, lakini ina rangi zake zote kama siku ilipotoka maabara. Aina zote hizo zinaweza kuwa ndani ya kasha moja, na anayetaka kujua ipi ni ipi hana budi kujua kwanza rangi inakaaje ndani ya filamu na inaondokaje.

Pwani watu wanajua vizuri rangi hupotea vipi. Kanga ikianikwa juani kila siku hupauka, kwa hiyo ile ya thamani hukunjwa na kufungiwa sandukuni. Filamu nazo zilitunzwa kwa akili hiyohiyo: zikawekwa ndani ya vibati, vibati ndani ya kasha, kasha juu ya kabati au darini chini ya bati. Jua halikuzigusa. Lakini rangi za filamu nyingi huharibika hukohuko gizani, na kinachozila ni joto, unyevu ukisaidia. Dari ya nyumba ya Ngamiani mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na bati likichemka, ni mahali pabaya kuliko pengine pote ambapo mtu angeweza kuuweka mkanda wa rangi. Kosa hilo ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya hasara ya mwambao huu, na linaendelea kutendeka hadi leo kwa nia njema kabisa.

Tuangalie kinachotokea ndani. Filamu ya rangi ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini mna matabaka matatu: la manjano, la majenta inayokaribia zambarau, na la siani, yaani samawati yenye kijani. Picha yote unayoiona, kuanzia kijani cha mkonge hadi weusi wa buibui, inatokana na rangi hizo tatu kuzuia mwanga wa taa ya projekta kwa viwango tofauti. Kazi ya siani ni kuzuia wekundu. Ikipungua, wekundu unapita bila kizuizi. Hapo ndipo sehemu nyeusi, iliyohitaji rangi zote tatu kwa wingi, inapogeuka damu ya mzee. Sehemu nyeupe haikuwa na rangi nyingi ya kupoteza tangu mwanzo, ndiyo maana kanzu inanusurika. Bahari na mbingu zilitegemea siani kuliko kitu kingine chochote, nazo ndizo zinazoondoka mapema. Ngozi nyeusi nayo hupata kina chake kutokana na siani. Ikiondoka, mtu anabaki na majenta na manjano, anakuwa mwekundu na mwepesi kuliko alivyokuwa. Wekundu wa udongo ulijengwa kwa majenta na manjano, kwa hiyo ardhi inabaki wakati bahari imekwenda.

Rangi hizo ni kemikali za kikaboni, na molekuli zake huvunjika polepole zenyewe, bila mtu kuzigusa. Katika filamu za kunakilia zilizoenea duniani baada ya Kodak kuingiza Eastmancolor sokoni mwaka 1950, siani ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi gizani, na katika aina nyingi manjano iliifuata. Majenta ilikaidi. Hii ndiyo sababu nakala zilizopauka hufanana popote duniani, ziwe za Hollywood, za Bombay au za harusi ya mtu. Mwaka 1980 mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese aliongoza kampeni ya watengenezaji wa filamu kulalamikia jambo hili mbele ya Kodak, na mwanzoni mwa muongo huo zikatoka filamu za kunakilia zenye rangi imara zaidi. Kwa mikanda ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 dawa hiyo ilikuja baada ya maziko.

Filamu nyeusi na nyeupe haina tatizo hili kabisa, kwa sababu picha yake ni chembe za fedha na si rangi ya kemikali. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotikisa majumba ya sinema ya mwambao wote baada ya 1951, ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nakala yake ikitunzwa vizuri itaonekana leo kama ilivyoonekana wakati ule. Mother India ya 1957 ilipigwa kwa Gevacolor lakini nakala zake zilitolewa na Technicolor, kwa njia ya kugandamiza rangi kwenye filamu kama mtu anavyopiga chapa, na rangi za namna hiyo hudumu sana. Kwa hiyo umri peke yake hausemi chochote. Nakala ya 1957 inaweza kuwa nzima na ya 1975 ikawa ya waridi tupu.

Ndani ya kasha la nyumbani, Kodachrome ndiyo inayoshangaza kuliko zote. Ilitoka mwaka 1935 kwa kamera za milimita 16, na mwaka uliofuata kwa za milimita 8. Tofauti yake na filamu nyingine ni kwamba rangi hazikuwa ndani ya filamu yenyewe. Ziliingizwa maabara wakati wa kusafisha, hatua kwa hatua, na hakuna kemikali za ziada zilizobaki ndani ya jelatini kuja kuleta matata baadaye. Usumbufu ulikuwa mkubwa. Maabara zenye uwezo huo zilikuwa chache, kwa hiyo aliyepiga filamu Pangani aliitia kwenye bahasha, akaipeleka posta, kisha akasubiri. Lakini malipo ya subira hiyo yanaonekana sasa: Kodachrome ya miaka ya 1950 iliyokaa gizani, hata kwenye joto letu, mara nyingi ina buluu ya bahari na wekundu wa kanga uleule. Udhaifu wake uko kwenye mwanga. Taa ya projekta huipausha haraka kuliko inavyozipausha baadhi ya filamu nyingine, kwa hiyo mwenye Kodachrome nzima asiirushe kila Idi kwa furaha ya kuonyesha wageni. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons huko Kansas, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa 2010.

Kuitambua si kazi ngumu. Fungua nusu mita ya mkanda, ushike pembeni bila kugusa picha, uelekeze dirishani. Kando, karibu na matundu, kuna maandishi madogo. Ukisoma KODACHROME, tulia. Ukisoma EASTMAN, na picha zimeshaanza kuwa za zambarau, umepata nakala ya rangi dhaifu. Karibu na jina hilo Kodak ilikuwa ikitia alama ndogo za duara, mraba na pembetatu, na mpangilio wake ndio mwaka filamu ilipotengenezwa. Mpangilio huo ulikuwa ukijirudia baada ya miaka ishirini, kwa hiyo uthibitishe kwa kuangalia mavazi na magari. Neno SAFETY lisikubabaishe. Lina maana kwamba plastiki yake haishiki moto kirahisi, halisemi lolote juu ya rangi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, nalo linabadili kabisa thamani ya kila mkanda. Filamu ya kawaida ya nyumbani haikuwa na negativu. Kilichopita ndani ya kamera ndicho kilichosafishwa na ndicho kilichorushwa ukutani. Kaseti ya Super 8, ambayo Kodak iliileta mwaka 1965, ilikuwa na mita 15 za filamu, sawa na dakika tatu na sekunde ishirini, na dakika hizo zipo mahali pamoja tu duniani. Nakala za kununua ni habari nyingine: katuni za Walt Disney, vichekesho vya Chaplin, vipande vya sinema kubwa vilivyofupishwa kwa ajili ya sebuleni. Hizo zilichapishwa kwa maelfu. Basi katuni ya waridi ikitupwa hakuna aliyepoteza kitu. Harusi ya waridi ikitupwa, imekwisha. Nimesikia wenye makasha wakisikitikia ile ya kwanza kwa sababu ndiyo waliyoizoea utotoni, na kuipuuza ya pili kwa sababu haina sauti.

Katikati ya makundi hayo mawili kuna nakala za filamu za familia. Mtu alipiga kwa Kodachrome, kisha akaagiza nakala kwa ajili ya ndugu wa Mombasa au Unguja. Nakala ikapauka, asili haikupauka. Ukiwa na mkanda wa zambarau wenye picha za jamaa, swali la kwanza liwe hili: asili yake iko kwa nani? Huenda ikawa nzima kwenye kabati la binamu.

Turudi kwenye joto, maana hapo ndipo Tanga inapotofautiana na miji ya baridi kama Leicester, Uingereza. Wahifadhi wana kanuni ya jumla: joto likishuka kwa nyuzi tano au sita za Selsiasi, muda wa rangi kudumu unakaribia kuongezeka maradufu. Wastani wa joto la mji wa Tanga ni kama nyuzi 26 kwa mwaka. Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, iko chini yake kwa takriban nyuzi nane. Kwa hesabu hiyo, rangi ya mkanda uliokaa Lushoto inadumu mara mbili na nusu hadi tatu kuliko ya pacha wake aliyebaki Chumbageni. Wajerumani waliopanda kuijenga Wilhelmsthal, Lushoto ya leo, walikuwa wanakimbia joto kwa ajili ya miili yao. Bila kujua walipata pia ghala zuri la filamu. Zuri nusu, maana ukungu wa Usambara una unyevu wake. Jokofu la kawaida la nyuzi nne linaongeza umri wa rangi karibu mara kumi na sita kuliko joto la mjini. Frizi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, kwa hesabu ya karatasi, inaongeza zaidi ya mara mia mbili. Hakuna kemikali, kasha la kifahari wala mafuta yatakayokupa hata sehemu ndogo ya faida hiyo.

Rangi si mgonjwa pekee. Plastiki ya filamu nyingi za zamani ni aseteti, na aseteti ikianza kuvunjika hutoa asidi ileile inayotia siki ukali. Taarifa ya kwanza ya ugonjwa huo iliyofika Kodak ilitoka Serikali ya India mwaka 1954, na sababu haikuwa fumbo: filamu zao zilihifadhiwa kwenye joto na unyevu, hali ambayo mtu wa Tanga hahitaji kusimuliwa. Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, inakadiria kwamba kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 aseteti mpya inachukua kama miaka 40 kabla siki haijaanza. Sisi tuko juu ya vipimo vyote viwili, mwaka mzima. Na siki ikishaanza inajichochea yenyewe: asidi iliyotoka inaongeza kasi ya kutoka kwa nyingine, na mvuke wake unaambukiza mikanda ya jirani ndani ya kasha moja. Filamu inasinyaa, inajikunja kama mfereji, mwishowe jelatini inabanduka na picha zote.

Mkanda wa siki uko kwenye hatari kubwa kuliko mkanda wa waridi, na hapa ndipo watu hupanga vipaumbele vyao kinyume. Wekundu unatisha macho, kwa hiyo mkanda mwekundu ndio unaopelekwa kwanza kwa fundi. Harufu wanaizoea. Ukweli ni kwamba mkanda uliopauka utaendelea kupauka taratibu kwa miaka na bado utapita kwenye mashine. Wa siki, baada ya muda si mrefu, hautapita. Tena Kodachrome yenye rangi nzuri kuliko zote inaweza kuwa ndiyo inayonuka siki, kwa sababu rangi na plastiki ni vitu viwili vinavyokufa kila kimoja kwa wakati wake. Filamu za Single-8 za Fuji, ambazo plastiki yake ni poliesta, haziugui siki.

Kuvu nao wana sehemu yao. Jelatini ni chakula, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mji mzima unakuwa na unyevu wa kuotesha kuvu kwenye viatu, sembuse filamu. Alama zao ni kama nyuzi za buibui upande wa jelatini, na mahali walipokula hakuna rangi ya kurudisha kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuishika. Usifute kwa maji. Jelatini iliyoguswa na kuvu inayeyuka.

Sasa, filamu zenyewe ni za nani? Kamera na projekta vilikuwa vitu vya wenye nacho. Mwambao wa Tanga wa miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa na watu hao kwa sababu ya mkonge: mameneja wa mashamba, wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini, maofisa wa serikali, wamisionari. Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge unaokadiriwa kufika tani 230,000, na sehemu kubwa ya mkonge huo ilipita bandari ya Tanga. Kwa hiyo kamera iliona bustani, mandari ya ufukweni, sherehe za jamaa, na Waafrika wengi wakionekana kwa mbali, wakipita, wakibeba, wakicheka na mpiga picha. Mwafrika alikuwa ndani ya filamu, mara chache sana nyuma ya kamera. Jambo hili lina uzito kwa mada yetu: wenye sura zao kwenye mikanda hiyo, na wajukuu wao walioko Ngamiani na Mikanjuni, si wenye makasha.

Wenye makasha wengi waliondoka. Waingereza walianza kurudi kwao karibu na uhuru wa 1961. Mapinduzi ya 1964 yalisukuma familia za Unguja kwenda Oman na Ghuba. Azimio la Arusha la 1967 lilileta utaifishaji wa mashamba ya mkonge, na sheria ya kutaifisha majumba ya 1971 ikazifanya familia nyingi za Kihindi kufunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Mikanda ni myepesi, ikaenda nao. Matokeo yake ni ya kejeli: sehemu nzuri ya rangi halisi za Tanga ya zamani imehifadhiwa na baridi ya nyumba za Leicester na Toronto, wakati nakala zilizobaki hapa zimepikwa. Makumbusho ya Dola na Jumuiya ya Madola ya Bristol yalikusanya filamu nyingi za namna hii kutoka kwa waliokuwa watumishi wa makoloni; makumbusho yalipofungwa, mkusanyiko ulihamia kwenye Nyaraka za Jiji la Bristol. Kanada, mradi wa Home Made Visible wa tamasha la filamu la Regent Park, Toronto, ulizigeuza kuwa za kidijitali filamu za nyumbani za familia za wazawa wa nchi hiyo na za wahamiaji, familia zikabaki na mikanda yao na nakala za baadhi zikawekwa Chuo Kikuu cha York. Hatuna kitu cha namna hiyo Tanga.

Wala tusidhani kwamba rangi ndiyo inayoamua kila kitu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, wilaya ya leo ya Korogwe, Meja L. A. Notcutt na Geoffrey Latham waliongoza jaribio la kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Walitoa filamu zipatazo 35 za milimita 16, nyeusi na nyeupe, sauti zake zikiwa kwenye sahani za santuri. Chembe za fedha ndani ya filamu hizo zisingefifia hadi leo. Zinazojulikana kubaki ni tatu. Nyingine hazikupotezwa na kemia.

Swali la mwisho ni gumu kuliko yote: rangi iliyoondoka inaweza kurudi? Kwenye mkanda wenyewe, hapana. Molekuli iliyovunjika haiungwi. Kwenye nakala ya kidijitali, kiasi. Skana nzuri husoma kila tabaka peke yake, kwa taa nyekundu, ya kijani na ya buluu, na hata kwenye mkanda unaoonekana zambarau tupu mara nyingi kuna siani kidogo iliyosalia. Kompyuta inaikuza hiyo hadi ilingane na wenzake. Mahali palipokuwa na rangi nzito, kama kivuli cha mwembe au buibui, inarudi vizuri. Mahali palipokuwa na rangi nyepesi, kama mbingu ya asubuhi, hakuna cha kukuza, na ukilazimisha unapata chengachenga.

Hapo anaingia fundi na kukisia, au siku hizi programu inakisia kwa niaba yake, na programu imefunzwa kwa picha za kwingine. Itaipa bahari yetu buluu ya mahali isipopajua na itaisawazisha ngozi ya kila mtu iwe hudhurungi moja. Sikubaliani na kazi hiyo. Mwambao una vipimo vyake vya rangi ambavyo fundi wa Ulaya hana. Bendera ya Tanganyika ya 1961 na ya Jamhuri ya Muungano ya 1964 zina rangi zinazojulikana, na bendera ilionekana kwenye kila sherehe. Kanga ni kipimo bora zaidi: ikionekana vizuri kwenye picha, kuna uwezekano pacha wake bado amekunjwa sandukuni kwa bibi fulani, hajaona jua. Mtu akiweka kanga hiyo mbele ya fundi, kukisia kumekwisha kwa rangi zile, na rangi nyingine zote kwenye picha hiyo zinafuata. Rangi ya shati la shule na ya kuta za nyumba iliyosimama hadi leo hufanya kazi hiyohiyo. Bila vipimo hivyo ni afadhali mkanda uachwe na wekundu wake, na faili isiyoguswa ihifadhiwe kando ya ile iliyotiwa rangi.

Onyo moja kwa waliokwisha kuhamisha filamu zao kwenye video. Miaka ya 1980 wengi waliirusha filamu ukutani, wakaurekodi ukuta kwa kamera ya video, wakatupa filamu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na kaseti ya VHS ilionekana ndiyo maendeleo. Kaseti hizo sasa hazina thamani ya kulinganishwa na mkanda wa waridi kabisa, maana ukuta, lenzi mbovu na utepe wa sumaku vimekula mara tatu. Anayerekodi ukuta leo kwa simu anarudia kosa lile. Afanye kama ni kwa kuwatumia ndugu jioni moja, lakini mkanda usitupwe.

Ukiwa na kasha nyumbani, lishushe kutoka darini leo. Usirushe chochote kwenye projekta ya zamani. Filamu iliyosinyaa hukatwa na meno yake. Fungua kibati kimoja kimoja, unuse. Chenye siki kitenge mbali na vingine, na hicho ndicho cha kwanza kupelekwa kuskaniwa. Kinachofuata ni mikanda ya familia iliyopauka, kisha Kodachrome nzima, na katuni mwisho kabisa kama fedha itabaki. Iliyobaki itie kwenye mifuko miwili ya plastiki inayofungwa vizuri, utoe hewa, uiweke kwenye frizi, si jokofu lenye majimaji. Mkanda uliokwisha kufungwa namna hiyo hauhangaishwi na umeme kukatika saa chache. Siku ya kuutoa, uache ndani ya mfuko hadi upate joto la chumba, siku nzima, ili umande uwe nje ya plastiki. Na kabla ya yote hayo, waite wazee waliobaki waangalie picha chache dirishani wakuandikie nani ni nani, kwa kalamu ya risasi, kwenye karatasi inayokaa na mkanda.

Jumba la Urithi Tanga, ndani ya Boma la zamani, linapokea wageni wanaokuja kutazama picha za mji. Frizi moja, mashine ya kukinga umeme na daftari la kupokelea mikanda vinatosha kuanzia. Halmashauri ya Jiji, wafanyabiashara wa mkonge na jamaa zetu walioko Leicester, Toronto na Muscat wanaweza kuvilipia bila kusubiri mfadhili.